Kipanya Chenye Homa ya Vipindi

Fundi akifika, kipanya kinafanya kazi. Aliyemwita anabaki kujieleza: dakika tano zilizopita mshale ulikuwa umeganda katikati ya skrini, ukibofya hakuna jibu, na mteja amesimama na cheti chake mkononi akisubiri fomu itumwe. Fundi anakisogeza kipanya kushoto na kulia, anafungua folda, anaifunga. "Mbona kizima hiki?" Anapewa nauli, anaondoka. Hata bodaboda yake haijafika barabara kubwa, mshale umeganda tena.

Hitilafu ya namna hii inafanana na homa ya vipindi, ile inayomtetemesha mtu usiku kucha kisha inamwachia asubuhi anapofikishwa zahanati. Kipanya kilichokufa kabisa hakimsumbui mtu. Unanunua kingine na kazi inaendelea. Kinachokula muda na fedha, na kuharibu uelewano kati ya fundi na mteja, ni kile kinachokufa na kufufuka. Nimekaa Dodoma nikihangaika na kompyuta za mezani za maofisini, za steshenari na za wanafunzi, na nimefikia kuamini kwamba tatizo hili tunalishika kinyume. Tunauliza nini kimeharibika, wakati swali lenye majibu ni hili: kinagoma lini?

Kwa mji huu si jambo la pembeni. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, na tangu mji ulipopewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, shughuli za ofisi zimemiminika hapa, na shughuli zenyewe zimekuwa mifumo ya mtandaoni. Mzabuni anaingia NeST, mtafuta kazi anaingia Ajira Portal, mwanafunzi anaomba mkopo wa elimu ya juu. Wengi wao hawana kompyuta. Wanakwenda steshenari, ambako mashine moja ya mezani, mara nyingi iliyokwisha kutumika nje ya nchi kabla ya kuletwa kwetu, inahudumia foleni kutwa nzima. Kipanya cha mashine hiyo kikigoma usiku wa siku ya mwisho ya maombi, anayeumia ni aliyeko kwenye foleni.

Steshenari moja ya aina hiyo, ndogo, karibu na geti la chuo, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ilikuwa kipupwe, msimu wa maombi. Dada aliyekuwa akiiendesha alikuwa amekwisha kununua vipanya viwili vipya na kulipia kupigiwa Windows mara moja, na bado. "Ukifika wewe, kaka, kinatulia," aliniambia, na ilikuwa kweli. Siku ya tatu niliacha kutafuta. Nilinunua daftari la shule, tukalifunga biro kwa uzi, tukaliweka kando ya kibodi, tukakubaliana aandike mambo matatu kila kinapogoma: saa ngapi, mshale ulifanyaje, na nani alikuwa anafanya nini. Nitalirudia daftari hilo, lakini kwanza tukiangalie kipanya chenyewe, maana bila kujua mwili wake hata daftari halisomeki.

Douglas Engelbart na Bill English walipokitengeneza cha kwanza mwaka 1964 pale Stanford Research Institute, California, kilikuwa kiboksi cha mbao chenye magurudumu mawili chini na waya unaochomoza kama mkia. Baadaye magurudumu yalitoa nafasi kwa gololi. Walioanza kompyuta zamani wanaikumbuka kazi yake: kuzungusha kifuniko cha chini, kuitoa gololi, kukwangua kwa kucha utando mweusi ulioshika kwenye vijiti vya ndani. Kwa vumbi letu kazi hiyo ilikuwa haiishi. Mwaka 1999 Microsoft ikatoa IntelliMouse Explorer, kipanya kisicho na gololi: taa inamulika meza, kijikamera kinapiga picha zaidi ya elfu moja kwa sekunde, na chipu ndani inalinganisha picha na picha ili kujua mkono umekwenda wapi. Teknolojia hiyo ndiyo iliyomo leo hata katika kipanya cha bei ya chini kabisa pale sokoni.

Badiliko hilo lilihamisha ugonjwa. Zamani kipanya kiliugua tumboni; sasa kinaugua mkiani. Lakini mikono yetu haijabadilika: kikigoma tu, mtu anakigeuza na kukipuliza tumbo.

Kabla ya kupuliza au kuchomoa chochote, wakati mshale bado umeganda, bonyeza Caps Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzimika kwa kila mbonyezo, kompyuta iko hai na inasikia. Shida iko upande wa kipanya. Taa isipobadilika, mashine nzima imeganda, na kukilaumu kipanya ni kukionea. Nimeona vipanya vikibadilishwa kimoja baada ya kingine kwa sababu ya diski iliyochoka, ambayo kila ikikwama kusoma faili, kila kitu kwenye skrini kinasimama pamoja nayo. Halafu inua kipanya utazame taa nyekundu ya chini. Ikiwa imezimika, umeme haukifikii. Ikiwa inawaka na mshale hauendi, umeme upo ila habari hazipiti, au kamera haioni. Vipo vipanya vyenye mwanga usioonekana kwa macho, na kwa hivyo itabidi utegemee masikio.

Masikio yana kazi kubwa hapa, na naona wengi hawayatumii. Windows hutoa mlio wa sauti mbili kifaa cha USB kinapochomekwa, na mlio mwingine kinapochomolewa. Kipanya kikigoma na ukausikia mlio wa kuchomolewa bila mtu kuchomoa, umekwisha kuondoa nusu ya washukiwa: meza haina kosa, vumbi halina kosa, betani ya kubofya haina kosa. Muunganisho ndio uliokatika, kwenye waya, kwenye tundu au kwenye umeme. Kompyuta nyingi za ofisi hazina spika, kwa hiyo mlio huo unapotea hewani. Chomeka spika za masikioni ukae nazo siku moja.

Sasa mkia. Ndani ya waya wa kipanya cha USB kuna nyaya nne nyembamba: nyekundu inaleta umeme wa volti 5, nyeusi inaurudisha, nyeupe na kijani zinabeba habari. Kila mkono unapokwenda, waya unapinda mahali pale pale, sentimita chache kutoka unapoingia kwenye mwili. Nyuzi za shaba zinakatika moja moja ndani ya plastiki huku nje waya ukionekana mzima. Ncha zilizokatika zinagusana kipanya kikiwa kushoto na kuachana kikiwa kulia. Ndiyo maana fundi akikishika yeye kinafanya kazi, kwa sababu mkono wake haukivuti kama wa mwenyewe. Kipimo chake ni rahisi. Shika waya kwa vidole viwili pale unapoingia, upinde polepole huku na huku, ukitazama taa. Ikipepesa, umemkamata. Fundi anayejua kulehemu anakata kipande hicho, anaurudisha waya uliobaki, na kipanya kinaendelea miaka. Wapo pia panya wa kweli, ambao katika stoo zinazokaa na nafaka hutafuna nyaya za chini ya meza. Pitisha kidole waya mzima kabla hujasema umeukagua.

Mkia unaishia kwenye tundu, na tundu ndilo ninalolishuku kuliko vyote katika mashine zetu. Matundu ya mbele ya kompyuta ya mezani hayako kwenye mazabodi. Yako kwenye kibao kidogo cha sakiti kilichounganishwa ndani kwa waya wake, na ndiyo yanayochomekwa flashi za kila mteja, miaka nenda miaka rudi. Vibati vya ndani vinalegea, vumbi linakaa juu yake. Kwa kuwa nyuma ya mashine kumesukumwa ukutani, kipanya nacho kinachomekwa mbele. Ukiongeza mteja anayechaji simu kwenye tundu la jirani, au kigawanyio kimoja cha bei rahisi kinachobeba printa, kibodi na simu, tundu lililopangiwa miliampea 500 linaombwa zaidi ya uwezo wake, na kompyuta inajilinda kwa kukata. Kipanya kinachohitaji sehemu ndogo tu ya umeme huo kinakatwa pamoja na wengine. Mashine za zamani zenye tundu la mviringo la kijani zina tabia yake: lile halikutengenezwa kuchomekwa kompyuta ikiwa inawaka, na kipanya kikitoka, mara nyingi hakirudi mpaka uwashe upya.

Hapa ndipo Dodoma inapoingia kwa uzito wake, kwa sababu yapo mambo ambayo vitabu vya miongozo vilivyoandikwa kwingine haviyasemi. Mvua zetu ni chache, zinaanza karibu na Desemba na kuisha karibu na Aprili, halafu nchi inakauka miezi mingi mfululizo. Katika hewa kavu namna hiyo, mtu aliyevaa jaketi la poliesta akisugua mgongo kwenye kiti cha plastiki, au akiburuta viatu kwenye kapeti ya nailoni, anajikusanyia umeme tuli. Mtu husikia cheche kwenye kidole inapofika kama volti 3,000. Vifaa vya kielektroniki vinaweza kuvurugika kwa chini ya hapo, bila yeye kusikia kitu. Dalili yake ni kwamba kipanya kinakufa mtu anapokaa tu au anapokigusa mara ya kwanza, kisha kinafufuka kikichomolewa na kuchomekwa tena. Deki sakafu kwa maji badala ya kufagia, ondoa kapeti ya nailoni chini ya kiti. Kipanya kinachotulia Februari na kusumbua Septemba, hali hakuna kilichobadilishwa, kinakuambia habari za ukavu.

Jambo la pili ni waya wa ardhini. Plagi yetu ya pini tatu ina pini moja ndefu ya juu, na kazi yake ni kupeleka ardhini umeme usiotakiwa. Kila mtu amewahi kumwona mtu akiingiza mfuniko wa biro kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili ikubali kuingia. Ekstensheni nyingine zina matundu matatu lakini ndani zimefungwa nyaya mbili tu. Na hata pale waya upo, fimbo iliyochimbiwa nje ya nyumba iko kwenye udongo mkavu, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Matokeo yake unayajua ukigusa bati la kompyuta vidole vikatekenywa. Ndani ya kisanduku cha umeme cha kompyuta kuna vijifaa vya kuchuja kelele vilivyounganishwa na bati; bati lisipokuwa na njia ya kwenda ardhini, linabaki na karibu nusu ya volti 230 za ukutani, kwa mkondo mdogo sana. Bisibisi ya testa ikiwekwa hapo inawaka. Kelele hiyo ya umeme inapita kwenye USB, na kipanya ni mmoja wa wanaoumia. Hili si la kujaribu mwenyewe. Mwite fundi umeme mwenye leseni apime ardhi ya nyumba, na nunua ekstensheni yenye nyaya tatu za kweli.

La tatu ni mji wenyewe unaojengwa. Karakana za kuchomelea mageti na grili ziko kila mtaa. Mashine ya kuchomelea inapowasha, inavuta umeme mwingi ghafla, na voltiji ya majirani wa laini hiyo inashuka kwa nukta. Ukiona taa ya dari inapepesa sekunde ile ile mshale unapoganda, acha kukifungua kipanya. Tafuta UPS nzuri.

Kuhusu meza na vumbi sitakaa sana. Kamera ya kipanya haioni vizuri juu ya kioo wala meza inayong'aa kama kioo. Weka karatasi nyeupe chini yake, na mshale unaorukaruka ukitulia umepata jibu bila gharama. Unywele mmoja ukikaa kwenye kitundu cha lenzi unatosha kuuyumbisha mshale, na kijiti cha pamba kikavu kinauondoa. Jua la alasiri likipenya dirishani moja kwa moja hadi mezani linaweza kuipoteza kamera, na hapo saa ya kugoma inajirudia kila siku mpaka pazia lifungwe.

Vipanya visivyo na waya vina mlango wao. Vinazungumza na kompyuta kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, masafa yale yale ya Wi-Fi na Bluetooth. Intel ilieleza katika waraka wa mwaka 2012 kwamba matundu na vifaa vya USB 3.0 vyenyewe vinatoa kelele katika masafa hayo. Kwa hiyo kipokezi kidogo kilichochomekwa nyuma ya mashine, kimezibwa na bati, ubavuni mwa diski ya nje ya USB 3.0, kimewekwa mahali pabaya kuliko pote. Waya mfupi wa kurefusha USB, unaokileta kipokezi juu ya meza karibu na mkono, unaponya vipanya vingi vilivyokwisha kuhukumiwa. Na kabla ya hilo, betri: zile za bei rahisi za redio hushuka nguvu mapema, na kipanya huanza kusinzia muda mrefu kabla hazijaisha kabisa.

Yupo mgonjwa mmoja ambaye kweli ni kipanya na si mwingine: anayebofya mara mbili ukimbofya mara moja, au anayeliachia faili njiani unapoliburuta. Chini ya betani kuna swichi yenye kibati chembamba cha shaba kinachoruka na kugusa. Kikichoka au kikishika kutu hakigusi mara moja safi; kinadundadunda, na kompyuta inahesabu kila mdundo. Kufungua na kupuliza kunasaidia siku mbili. Dawa ni kubadilisha swichi, au kununua kipanya kingine.

Nimeiacha Windows mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo tunayoikimbilia kwanza. Kupiga Windows upya kunachukua nusu siku, kunapoteza faili za watu wasiozihifadhi, na hakuwezi kuunganisha uzi wa shaba uliokatika. Programu ina makosa yake, nayo yana alama. Kipanya kinacholala baada ya dakika kadhaa za kutoguswa, kisha kinachelewa kuamka, kimelazwa na kompyuta inayobania umeme: ingia Device Manager, kwenye kichupo cha Power Management ondoa tiki inayoruhusu kifaa kuzimwa, na kwenye mipangilio ya umeme zuia kulazwa kwa matundu ya USB. Mshale unaokokota miguu kila programu nzito inapofunguliwa unasubiri kumbukumbu au diski. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc uone nani anakula mashine. Na ukitaka hukumu ya haki kati ya programu na chuma, washa kompyuta ile ile kwa flashi yenye Ubuntu. Kipanya kikiendelea kugoma humo, Windows haina hatia.

Na yule mteja mwenye dakika kumi kabla ya mfumo kufungwa? Fomu inaweza kumalizwa bila kipanya. Tab inahamisha kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, nafasi inaweka tiki, Enter inatuma. Bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, kubali, na tarakimu za upande wa kulia zitausogeza mshale wenyewe. Kila anayeendesha steshenari angepaswa kuyajua haya kama anavyojua kubadilisha wino.

Sasa daftari. Baada ya siku nne lilikuwa na mistari kumi na saba. Saa 4:10 asubuhi, mshale umeganda, mteja kachomeka flashi. Saa 4:35, umeganda, mteja kachomoa flashi. Saa 8:20 mchana, umeganda, kijana anachaji simu. Saa 11:05 jioni, umeganda na kurudi wenyewe, mteja kachomeka flashi. Mistari miwili tu haikuwa na mkono wa mteja karibu na matundu ya mbele, na yote miwili iliandikwa saa karakana ya jirani ilipokuwa inachomelea. Nikaelewa pia kwa nini kilitulia kila nilipofika: nilipokuwa nimekaa pale nikiichunguza mashine, hakuna mteja aliyekuwa anachomeka kitu.

Tuliivuta mashine kutoka ukutani, tukakihamishia kipanya tundu la nyuma, na matundu ya mbele tukayaachia flashi peke yake. Simu zilipelekwa kwenye soketi. Vipanya viwili vya awali vilivyokuwa vimetupwa kwenye boksi chini ya kaunta tulivijaribu kwenye tundu lile lile la nyuma, kimoja baada ya kingine, siku nzima kila kimoja. Vyote viwili vilikuwa vizima.